Mama ana sukari na presha, sasa kanyamaza: jibu kwa binti wa Wete

Swali lenyewe nalifupisha. Msomaji kaandika kutoka Wete, Pemba. Mama'ke ana miaka 58, sukari anayo miaka mingi na presha pia. Baba kafariki mwaka jana, mama akakaa eda, eda ikaisha lakini kliniki hajarudi sawasawa. Hapiki, hasuki ukili, kutwa yuko chumbani na usiku halali. Sukari ya asubuhi ilikuwa 7 au 8, sasa inasoma 15 mpaka 17. Dokta kaongeza vidonge, halafu kaanzisha insulini, bado. Ukoo unasema kuna mkono wa mtu, kwa hiyo kasomewa na kanyweshwa kombe, yaani maji yalooshewa aya zilizoandikwa. Duka la dawa wamempa amitriptilini ya kulalia. Na wiki iliopita kasema "bora nimfuate baba'enu". Binti anauliza: hii ni sukari au ni akili? Akitibiwa huko kufikiri kwake sukari itashuka yenyewe? Dawa hizo hazitamfanya azoee asiweze kuziacha? Na Ramadhani ikifika, afunge?

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzee, Mungu amrehemu, na pole na wewe maana ulivoandika inaonekana kabisa na wewe hulali. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hii ndo kazi yangu khasa, mie ni daktari wa familia na utafiti wangu uko hapo hapo, watu wenye sukari na presha ambao juu yake wana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isoondoka, nani anawatibu na anawatibu vipi. Lakini kabla ya hayo kuna mambo mawili ya leo leo, na usingoje umalize kusoma.

La kwanza ni ile kauli ya kumfuata baba. Sisi kwetu mtu mzima akisema hivo tunamziba mdomo, "mama usikufuru", "mama astaghfirullah", na yeye kweli ananyamaza, ila kunyamaza si kuacha kuwaza. Kaa naye peke yenu, wajukuu washalala, umuulize waziwazi: mama, unawaza kufa? Umewahi kufikiria kujidhuru? Ushafikiria utafanya vipi? Najua mdomo utakuwa mzito, mtoto kumuuliza mama'ke vile, lakini kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, hili limechunguzwa mara nyingi na matokeo ni yale yale, wengi wanapata afueni kwamba angalau kuna mtu kathubutu kuuliza. Akikwambia natamani tu Mungu anichukue nipumzike, wiki hii hii mfikishe spitali na useme maneno hayo hayo mbele ya dokta. Akikwambia ana mpango, au akakataa kujibu na wewe roho yako haijatulia, usimwache peke yake na mpeleke leo hata kama ni usiku. Na vyovyote itakavokuwa, kuanzia sasa dawa zote za nyumba hiyo kaa nazo wewe, umpe za siku moja moja, na insulini pia iwe mkononi mwako. Ile amitriptilini ndo ya kwanza kuificha, kwa sababu ikizidi inavuruga mapigo ya moyo na duka la dawa hawakukwambia.

La pili, na hili watu wengi hawalijui, ni insulini. Fikiria ilivotokea. Dokta anaona sukari 16, anadhani mama anakunywa vidonge vyote kama alivoandikiwa, kwa hiyo anaongeza. Mwezi unaofuata bado 16, anaongeza tena, mwisho sindano. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba ulikuta vidonge vya miezi mitatu chini ya godoro! Maana yake dozi iloandikwa kwenye daftari lake ni dozi ya mtu wa karatasini, si mama'ko. Sasa wewe binti mwema ukishasoma haya utaamua kuanzia kesho namsimamia anywe zote na achomwe sindano zote, na yeye bado hali, anakunywa chai kavu na kipande cha muhogo. Sukari itaporomoka, atatoka jasho, atetemeke, aanze kusema maneno hayaeleweki, na akiwa usiku peke yake chumbani inaweza kuwa mauti. Kwa hiyo kuzishika dawa zishike, lakini usianze kumsimamia anywe zote kabla hujarudi kwa dokta na kumwambia ukweli wote, nini anakunywa, nini hanywi, anakula nini. Beba na vidonge vilobaki, mwage mezani mbele yake. Asiwepo mtu wa kuona haya hapo, mama wala wewe, dokta mzuri hatogomba, ataanza hesabu upya.

Haya, sasa swali la kwanza, sukari au akili.

Jibu langu ni kwamba suali hilo ndo linalotukwamisha sote, familia na sisi madaktari, kwa sababu tunataka iwe moja. Mtu mwenye kisukari uwezekano wake wa kupata sonona ni takriban mara mbili ya mtu asiekuwa nacho, hili lilijulikana vizuri tangu mwaka 2001 zilipokusanywa tafiti nyingi pamoja, na kinyume chake pia ni kweli, mwenye sonona yuko karibu zaidi na kupata kisukari. Njia zinazounganisha ni nyingi. Mwili wenye dhiki unatoa homoni ya kotisoli na kotisoli inapandisha sukari. Usingizi ukikatika sukari inapanda. Mtu alokata tamaa hanywi dawa, hatembei, anakula kinachopatikana au hali kabisa. Na sukari ikiwa juu anakojoa usiku mara nne mara tano kwa hiyo halali, asubuhi hana nguvu, hana nguvu hatoki, hatoki anazidi kufikiri. Ukiuliza kipi kilianza utakaa mpaka kesho.

Kinachochanganya ni kwamba dalili zinafanana. Uchovu, kukosa usingizi, kukonda, kutoweza kushika jambo kichwani, zote hizo sukari peke yake inaweza kuzileta. Ndo maana mie nikiwa na mgonjwa kama mama'ko nasikiliza zaidi yale ambayo sukari haiyaleti. Je bado kuna kitu kinampa raha? Mjukuu akimchezea anacheka, au anamtizama tu? Anajilaumu, anasema mie mzigo kwenu, mie ndo niliomuua baba'enu sikumpeleka spitali mapema? Anaiona kesho au mbele kote giza? Kwenye sukari tupu mtu amechoka lakini anatamani kupona. Kwenye sonona hata kutamani kumekwisha. Na watu wetu hawaji wakasema nina sonona, wanakuja wakasema kichwa kinaniuma, kifua kinabana, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio, nafikiri sana, na sisi tunawaandikia panadoli na tunawapima presha basi.

Kuna kidodoso kinaitwa PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilopita, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla inaishia 27. Kipo kwa Kiswahili na kimeshatumika Tanzania na Kenya. Alama 10 kwenda juu ndo tunakaa vizuri kuongea, 20 na kuendelea ni kali. Suali la tisa ndo lile la kuwaza kufa, na hilo hata likipata alama 1 tu halipitwi. Mwambie nesi au dokta "nataka mama aulizwe maswali ya PHQ-9", wengine watashangaa umeijulia wapi, sawa tu.

Na hapa nataka nitenganishe vitu vitatu maana si kila huzuni ni sonona. Kuna msiba. Msiba unakuja kwa mawimbi, mtu analia akiona kanzu ya marehemu, baada ya saa anaongea na jirani na anakula. Hauhitaji kidonge, unahitaji watu. Lakini miezi ikishapita na mtu bado hajarudi hata nusu, hali, hatoki, anataka kufa, hapo hatusemi tena ni msiba tumwache. Kuna kitu cha pili, kuchoshwa na sukari yenyewe. William Polonsky na wenzake Marekani walitengeneza kidodoso chake mwaka 1995, kinauliza mambo kama unaogopa mbele utapata nini, unahisi umeshindwa kujitunza, umechoka kuambiwa usile hichi usile kile. Mtu wa hivo akiwa harusini anacheka vizuri tu, ila ukimtajia kliniki uso unabadilika. Huyo dawa ya sonona haimsaidii kitu, mpunguzie mzigo, mrahisishie dozi, acheni kumgombeza mbele ya sahani ya wali. Na cha tatu ndo sonona yenyewe. Mama'ko kwa ulivonieleza mie naona ana vyote vitatu kwa pamoja, ila cha tatu ndo kinachotisha.

Eda nayo niseme kidogo, maana naona imepita kimya kimya. Miezi minne na siku kumi mama hajatoka, kliniki hajaenda, dawa aliletewa na kila alieweza au hakuletewa. Kutoka kwenda kutibiwa ni haja na eda haimzuii mwanamke kwenda kwa dokta, masheikh wanalisema hili wazi, lakini majumbani tunaona aibu mjane kuonekana barabarani. Kwa wengine huko kukatika kliniki wakati wa eda ndo mwanzo wa yote. Eda ikaisha, yeye hajarudi, na hakuna alomuuliza mbona jina lako halipo kwenye daftari.

Na hapo ndo nataka tufike.

Umeuliza akitibiwa sonona sukari itashuka yenyewe. Watu wengi wenye elimu zao walidhani ndio. Kule Seattle, Marekani, kulikuwa na daktari wa akili anaitwa Wayne Katon, kashafariki, mtu alosumbuka na suali hili miaka. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watu 329 wenye kisukari na sonona, nusu walipewa matibabu mazuri ya sonona yenye ufuatiliaji, nusu waliendelea kama kawaida. Walotibiwa sonona ilipungua kweli. Sukari? Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakikutofautiana baina ya makundi mawili. Yaani mtu roho imetulia lakini sukari iko pale pale, kwa sababu hakuna alieshughulika na sukari.

Wangeweza kuishia hapo, lakini wakarudi na mpango mwengine, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Safari hii watu 214 kwenye kliniki 14, wana sonona na juu yake sukari isoshikika au maradhi ya moyo au vyote. Wakawapa manesi. Nesi mmoja anamshika mgonjwa mzima mzima, sukari yake, presha yake, kolesteroli yake na huzuni yake, anaonana nae kila wiki mbili tatu, ana malengo kaandika, na kila wiki nesi anakaa na madaktari wanapitia majina: huyu hajashuka, tubadilishe nini. Si dawa mpya hata moja. Dawa zile zile za kila siku. Baada ya miezi 12 sonona imepungua, sukari imepungua, kolesteroli imepungua na ile namba ya juu ya presha imeshuka kiasi cha 5 zaidi ya wenzao. Ukinambia nichague jambo moja kutoka kwenye somo langu lote nichore ukutani mwa kila kliniki, ni hilo la "huyu hajashuka, tubadilishe nini". Sisi tuna ugonjwa wa kuandika "endelea na dawa" mwezi baada ya mwezi, mgonjwa hajapata nafuu na daftari linaendelea.

Utasema hiyo Marekani. India walifanya, kliniki nne za kisukari, watu 404, wakafuatiliwa miaka miwili na matokeo yakatoka 2020. Walioshika kazi hawakuwa hata madaktari, walikuwa waratibu walofundishwa, na wataalamu wanawapitia. Walopata nafuu kubwa ya sonona pamoja na nafuu ya angalau kimoja katika sukari, presha au kolesteroli walikuwa takriban 72 katika kila 100, wenzao wa matibabu ya kawaida 57. Na tizama hiyo 57, si haba, maana yake hata huduma ya kawaida mtu akihudhuria inasaidia. Na karibu zaidi na sisi kuna Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mabibi wa mtaani Harare mwaka 2006, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, wanamsikiliza na wanapanga nae tatizo moja baada ya jengine. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa watu 573 kwenye vituo 24 na walokaa kwenye benchi walikuwa na hali nzuri zaidi baada ya miezi sita. Mpango huo umeshafika nchi nyengine, na hapa Zanzibar pia umefika.

Kwa hiyo Wete utafanyaje, kwa sababu najua hakuna nesi alokaa anamsubiri mama'ko na orodha. Nakwambia ukweli, kwa miezi ya mwanzo mratibu utakuwa wewe. Si haki, ungepaswa uwe mtoto tu, lakini ndo hivo. Nenda kliniki ile ile anayokwenda ya sukari na presha, usianze na spitali nyengine, mana watu wakisikia akili wanafikiria boti na Kidongo Chekundu, ile spitali ya akili ya Unguja. Si lazima. Sonona ya kiasi hiki inatibika na daktari wa kawaida pale pale anapopimiwa sukari, Shirika la Afya Duniani wana mwongozo wao wa mhGAP tangu 2010 khasa kwa wahudumu wasiokuwa mabingwa wa akili. Omba pia kuonana na mhudumu wa afya ya akili wa spitali. Bingwa anahitajika kama ana mpango wa kujidhuru, kama anasikia sauti au kaacha kula kabisa, au kama dawa mbili zimejaribiwa vizuri na bado.

Kabla ya dawa ya sonona mwombe dokta aangalie vitu vinavojificha. Damu, kama ana upungufu. Tezi la shingo, likilegea linamfanya mtu mzito, mnyonge, baridi, na linafanana sana na sonona. Vitamini B12, kwa sababu metfomini ya miaka mingi inaishusha na mtu anachoka, miguu inakufa ganzi na roho inanyong'onyea, wote tunasema ganzi ni sukari tu. Figo. Na kama anakonda na anakohoa apimwe kifua kikuu, maana sukari na TB vinapendana. Kipimo kisipopatikana Pemba basi kisimzuie mtu kuanza matibabu, kitafuatwa baadae.

Dawa zake za presha nazo zitizamwe. Zile za kundi la atenololi na propranololi zimesingiziwa miaka mingi kwamba zinaleta sonona, siku hizi ushahidi unasema si hivo, ila usingizi na ndoto zinaweza kuvurugika na mtu anajihisi mzito. Mtu asiziache ghafla lakini, moyo hautaki ghafla.

Sasa dawa zenyewe. Amitriptilini si dawa mbaya, ni ya zamani na iko vituo vingi, lakini kwa mama'ko mie singeanza nayo. Inakausha mdomo, inaleta funga choo, inazuia mkojo, inaongeza uzito, na akisimama ghafla presha inashuka anaanguka, na mtu mwenye sukari ya miaka miguu ishakufa ganzi akianguka nyonga ndo basi tena. Alafu dozi ile ndogo ya duka la dawa inalaza tu, haitibu sonona, kwa hiyo anapata madhara bila faida. Inayotumika zaidi siku hizi ni fluoksetini, mara moja kwa siku, kwa umri wake wengi wetu tunaanza na nusu dozi. Wiki ya kwanza na ya pili itamletea kichefuchefu kidogo, pengine wasiwasi, na nafuu hakuna. Hapo ndo watu wanaitupa! Nafuu inaanza wiki ya pili ya tatu, mpaka ya nne ya sita unaona kitu. Na mara nyingi watu wa nje wanaiona kabla yake, utaona kaanza kuuliza nani kapika. Wiki hizo za mwanzo ndo za kumkalia karibu zaidi, si za kupumzika.

Kuzoea, hapana, hizi si zile dawa za usingizi za kundi la valiamu ambazo kweli mtu anazoea. Hazilewishi, hutoona mtu anaziiba. Kinachofanya watu waseme zinazoesha ni kwamba ukiacha ghafla unapata kizunguzungu, unajihisi ovyo, kwa hiyo zinapunguzwa taratibu. Na tunaendelea nazo miezi 9 mpaka 12 baada ya mtu kuwa mzima, si baada ya kuanza, hapo ndo wengi wanakosea hesabu. Mambo ya kumwambia dokta: fluoksetini inaweza kuishusha sukari kidogo, kwa hiyo na insulini ile mpime mara nyingi zaidi mwanzoni. Kama anakunywa aspirini ndogo au anajinunulia diklofenaki ya magoti, tumbo linaweza kutoka damu. Na kama kwenye dawa za presha kuna ya kukojoza, chumvi ya damu inaweza kushuka kwa watu wazima, akianza kuchanganyikiwa ghafla usiseme jini, mpeleke akapimwe.

Na kwa kuwa nimetaja jini. Kisomo mie sina ugomvi nacho hata kidogo, mtu alofiwa akisomewa Qur'ani na watu wamejaa ukumbini kwa ajili yake, hiyo yenyewe ni huduma, ningetamani kliniki zetu ziwe na utulivu ule. Ombi langu ni matatu tu kwa alomsomea: asimwambie aache dawa, asimfungishe siku nyingi bila ya dokta kujua, na kombe na habasoda visichanganywe na asali vikombe kwa vikombe, maana asali ni sukari hata ikisomewa. Habari za mkono wa mtu ndo zinanikera kidogo, samahani, kwa sababu zinamfanya mgonjwa aanze kuwatizama majirani kwa jicho baya wakati majirani ndo dawa yake.

Kwa sababu nusu ya matibabu haiko duka la dawa. Tunaiita kumrudisha kwenye shughuli, na imethibitika vizuri. Watu wanasubiri moyo utake ndo watoke, na kwenye sonona moyo hautotaka, kwa hiyo tunakwenda kinyume, kwanza kufanya, moyo utafuata nyuma pole pole. Usimwambie "mama jikaze", maneno hayo yanaua. Chukua kitu kimoja alichokuwa akikipenda ukipunguze mpaka kiwe kidogo cha kuchekesha. Ulisema alikuwa anasuka ukili. Basi mletee ukili uloanzwa na mtu, asuke pima moja, si mkeka. Baada ya alasiri atembee mpaka baraza ya bi fulani na kurudi, siku hio hio saa ile ile, kila siku, na wewe au mjukuu umeshika mkono. Msimu wa karafuu ukifika mwekeeni jamvi uani achambue na wenziwe, mikono inafanya kazi na mdomo unaongea, pale wanawake wa Pemba wanazungumza mambo ambayo hakuna mshauri nasaha atakaeyasikia. Na kutembea kule kunashusha sukari pia, kwa hiyo umeshika viwili.

Nunua daftari la skuli. Kila siku andika sukari ya asubuhi, dawa kanywa au hakunywa, kalala saa ngapi, na kitu kimoja alichofanya. Presha mara moja moja. Kila wiki mbili muulizeni yale maswali tisa na muandike jumla. Mwanzo mwombe dokta akuoneni kila wiki mbili, si kila mwezi, na ukienda usiseme "bado", onesha daftari: alama zilikuwa 17, wiki ya nne 15, dozi haijabadilishwa, tufanye nini. Dokta akiona namba mbili zimesimama hapo hapo mkono wake utakwenda kubadilisha wenyewe. Lengo ni zishuke angalau nusu kwa miezi miwili mitatu, halafu chini ya 5. Kaka'ko alieko Dar anaetuma pesa tu, mpe kazi, apige simu kila Jumatano na Jumapili jioni azungumze na mama si kuhusu dawa. Na wewe ulale. Mpe dada'ko usiku mbili kwa wiki hata kama hajui kuchoma sindano, afundishwe.

Ramadhani. Kwa hali ya leo, sukari 15 mpaka 17, insulini mpya, hali vizuri, na mawazo ya kufa, asifunge, na hapo sipepesi. Ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya aya zenyewe za funga na wewe waijua. Lakini jihadhari na namna ya kumwambia, kwa sababu mtu wa sonona ukimwambia usifunge anasikia hata Mungu hanitaki. Afadhali imamu wa msikiti wenu au ustadhi anaemheshimu amwambie yeye, amueleze na fidia ikiwa maradhi hayatarajiwi kumruhusu kulipa, na nyumbani abaki na nafasi yake ya mwezi ule, yeye ndo aonje futari chumvi, yeye ndo apange nani apelekewe sahani. Kama mpaka Shaabani hali imebadilika, sukari imeshuka na PHQ imeshuka na yeye anataka kufunga, rudini kwa dokta mjaribu siku moja mbili kabla. Fluoksetini haina tabu, inahamia daku. Kupima kidole hakufunguzi kwa kauli ya masheikh wengi, kwa hiyo apimwe mchana, ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 anafungua hapo hapo bila mjadala hata kama imebaki nusu saa adhana iingie. Insulini ndo ya kuangaliwa khasa, dozi ya mtu anaekula mchana haimfai anaefunga, lazima ipangwe upya na dokta kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa daku la kwanza.